Kutoka Blanketi Hadi Thamostati: Historia ya Kumtafutia Nyoka Joto

Mwaka 1850, katika bustani ya wanyama ya Regent's Park mjini London, nyoka mkubwa mmoja alimeza blanketi lake. Watunzaji walikuwa wamemwekea ili ajikunje ndani yake akiona baridi. Blanketi lilikaa tumboni wiki kadhaa kabla hajalitapika, na kisa chake kikaandikwa na kusimuliwa kwa miaka mingi. Wasomaji walishangaa ulafi wa nyoka. Wachache walijiuliza blanketi lile lilifuata nini humo tunduni.

Binadamu hupata joto chini ya blanketi kwa sababu mwili wake unazalisha joto, na kazi ya blanketi ni kulizuia lisitoke. Nyoka, kwa kawaida, hana moto huo wa ndani. Mfunike nyoka aliyepoa kwa mablanketi kumi, atabaki amepoa vile vile. Watunzaji wa London hawakuwa wakatili wala wazembe. Walimtunza nyoka kwa namna ambayo wangemtunza mtoto wao, na hapo ndipo walipokosea. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kulirekebisha kosa hilo, na katika safari hiyo wamo maprofesa wa Paris, mwanamke aliyefuga mamba akiwa msichana, mtoto wa wamisionari aliyechunguza vichuguu vya Natal, na nyoka wengi wa Afrika waliolipa kwa maisha yao.

Bustani ya London ilifungua nyumba yake ya nyoka mwaka 1849, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake duniani. Nyoka waliwekwa kwenye makasha yenye vioo mbele, watu wakapita wakiwatazama. Mwaka 1883 ikajengwa nyumba nyingine kubwa na nzuri zaidi. Jengo hilo bado lipo, ila siku hizi ni makazi ya ndege na linaitwa Blackburn Pavilion. Fikra iliyotawala zama hizo ilikuwa moja: pasha nyumba nzima joto, na kila aliyemo ndani atapata riziki yake. Nyoka wa jangwani, wa msituni na wa kando ya mto wote wakapewa hewa moja, usiku na mchana.

Hata kabla ya nyumba hizo kujengwa kulikuwa na ubishi uliohusu vizazi vya nyoka wenyewe. Msafiri wa Kifaransa aitwaye Lamarre-Picquot alirudi kutoka India akidai kwamba chatu jike huyazungushia mayai yake mwili na kuyapasha joto. Wanasayansi wa Paris walimkatalia. Kwao nyoka alikuwa kiumbe baridi, sasa angegawaje asichokuwa nacho? Jibu likapatikana palepale mjini Paris. Mwezi Mei 1841 chatu wa Asia aliyefugwa katika bustani ya Jardin des Plantes alitaga mayai 15, akayakumbatia, akakaa hapo karibu miezi miwili. Achille Valenciennes, mtaalamu wa wanyama, akapenyeza kipimajoto katikati ya mikunjo ya yule mama. Joto alilolikuta lilikuwa juu kuliko la hewa iliyomzunguka. Mayai 8 yakaanguliwa mwezi Julai.

Miaka 21 baadaye zamu ikawa ya London. Januari 1862 chatu jike wa Afrika alitaga mayai karibu mia moja na kuyalalia kwa majuma mengi, huku umati ukimiminika kumtazama. Safari hii halikuanguliwa hata yai moja.

Kwa nini chatu wa Asia alimpita mwenzake wa Afrika? Nusu ya jibu ilikuja mwaka 1966, pale Victor Hutchison na wenzake walipochapisha katika jarida la Science vipimo vya chatu wa jamii ya kihindi katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Walionyesha kwamba jike anapolalia mayai hukaza na kulegeza misuli yake mfululizo, na kwamba mitetemo hiyo ndiyo inayozalisha joto. Kadiri hewa inavyopoa, ndivyo anavyotetemeka zaidi.

Nusu ya pili ilitoka kusini mwa Afrika. Kwa miaka saba Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwafuatilia chatu wa hifadhi ya Dinokeng, kaskazini mwa Pretoria, akiwapachika vifaa vya redio na kutega kamera kwenye mashimo yao, kisha mwaka 2018 akatangaza aliyoyaona. Jike anayelea hubadilika rangi akawa mweusi, na weusi huo humsaidia kunasa joto la jua. Hutoka kwenye shimo la mhanga, huota jua mpaka mwili wake unafikia karibu nyuzi 40, kisha huingia ndani kuyazungushia mayai joto alilolibeba. Hatetemeki. Watoto wakishaanguliwa hawatawanyiki siku ileile. Mchana huota jua kwenye mdomo wa shimo, usiku hurudi kulala katikati ya mikunjo ya mama, na maisha hayo huendelea kwa takriban wiki mbili.

Ukiyasoma matokeo hayo unamwelewa yule mama wa 1862. Ikiwa naye, kama hao wa kusini, alitegemea jua, basi Januari ya London haikuwa na cha kumpa.

Mtu aliyelitambua hitaji la joto la mahali mahususi, na kulijengea nyumba, alikuwa Joan Beauchamp Procter. Alizaliwa London mwaka 1897, akaugua tangu utotoni, na katika ugonjwa huo akajifariji kwa kufuga mijusi na nyoka nyumbani kwao. Akiwa na miaka 16 alikuwa na mamba mdogo, na siku moja akaingia naye darasani. Alijifunza kazi katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe, na mwaka 1923 akakabidhiwa nyoka na mijusi wote wa Regent's Park. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Nyumba aliyoibuni, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilipindua mambo mengi. Procter alitumia umeme kupasha joto sehemu zilizochaguliwa ndani ya kila tundu, akaacha sehemu nyingine zikiwa za wastani, na hivyo mnyama akaweza kusogea kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Aliweka vioo maalumu vinavyopitisha miale ya jua ambayo kioo cha kawaida huizuia. Mwanga ulielekezwa kwenye matundu huku ukumbi wa watazamaji ukiachwa na giza, ili nyoka asisumbuliwe na vivuli vya wapitao. Miamba na mapango aliyatengeneza kwa kufuata mazingira ya kila mnyama. Procter alifariki mwaka 1931, akiwa na miaka 34 tu, lakini nyumba yake ilihifadhi nyoka hadi karne hii ya 21.

Procter alifika hapo kwa jicho la mfugaji. Vipimo vya kisayansi vilivyolithibitisha jambo hilo vilifanywa na Raymond Cowles, na mizizi yake ilikuwa Afrika. Cowles alizaliwa mwaka 1896 huko Natal, mtoto wa wamisionari wa Kimarekani, na aliporejea baadaye kama mtafiti alichunguza uzazi wa kenge. Aligundua kwamba kenge jike hupasua kichuguu cha mchwa, hutaga ndani yake, kisha huondoka. Mchwa wenyewe huziba ufa ule, na mayai yakabaki katika joto na unyevu usioyumba kwa miezi mingi. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1930. Mtu aliyeona hayo hawezi tena kudhani kwamba viumbe hawa hupokea tu joto lolote linalowafikia. Wanalitafuta, na wanajua linakopatikana.

Akiwa California, Cowles alishirikiana na Charles Bogert wa makumbusho ya New York. Walijenga mazizi ya wazi katika bonde la jangwa la Coachella, wakawaacha mijusi na nyoka humo wachague wenyewe jua au kivuli, kisha wakawapima kwa vipimajoto vidogo vinavyosoma haraka. Ripoti yao ya mwaka 1944 ilibadilisha elimu yote ya viumbe hawa. Mjusi au nyoka aliyeachiwa hiari huushikilia mwili wake ndani ya kiwango finyu cha joto kwa kuingia na kutoka juani siku nzima, kila aina na kiwango chake. Akinyimwa kivuli, jua lilelile linalompa uhai humuua kwa dakika chache.

Tangu hapo swali la mfugaji mwelewa lilibadilika. Zamani aliuliza tundu liwe na joto kiasi gani. Sasa akauliza upande wa moto uwe na kiasi gani, upande wa baridi kiasi gani, na nyoka atajificha wapi akiwa katika kila upande.

Elimu hiyo ilichelewa sana kufika majumbani. Baada ya vita kuu ya pili, ufugaji wa nyoka kwa mapenzi ulikua Marekani, na aliyeutangulia kupata umaarufu ni nyoka mwekundu wa kusini-mashariki mwa nchi hiyo, Pantherophis guttatus, anayekamata panya kwenye maghala ya mahindi. Mwaka 1953 alikamatwa mmoja zeruzeru huko North Carolina, na mwaka 1961 daktari Bernard Bechtel akapata makinda ya kwanza ya rangi hiyo yaliyozaliwa kifungoni. Wafugaji walitambua kwamba nyoka anaweza kuzalishwa nyumbani kwa rangi mbalimbali, na kwamba rangi ni fedha.

Lakini jike mmoja hutaga mayai zaidi ya kumi. Makinda hayo yatawekwa wapi? Jibu lilipatikana kwenye maduka ya vyombo vya nyumbani: visanduku vya plastiki vya kuhifadhia viatu. Mfugaji alitoboa matundu ya hewa kwa ncha ya moto, akatandika karatasi chini, akaweka kibakuli cha maji, kisha akavipanga visanduku kwenye shelfu kama droo, na nyuma yake akapitisha mkanda wa umeme wenye joto. Kinda mmoja, kisanduku kimoja. Chumba kimoja kikaweza kubeba mamia.

Mpango huo ulikuwa na hekima yake. Kinda wa nyoka porini ni chakula cha kila mtu, kuanzia ndege hadi buibui wakubwa, na ukimtupa kwenye tangi kubwa tupu lenye vioo pande zote huweza kugoma kula kwa woga. Kisanduku kidogo chenye giza kilimtuliza. Kilimzuia pia kutoroka, maana kinda mwembamba kama penseli hupenya upenyo ambao mtu mzima hauoni. Kasoro ilijitokeza kwa wale waliosahau kwamba makinda hukua, wakawaacha nyoka wazima maishani mwao mwote ndani ya droo.

Wateja wao majumbani walikutana na balaa jingine. Katika miaka ya 1980 na 1990 maduka yaliuza mawe ya bandia yenye waya wa umeme ndani. Jiwe lilionekana zuri, lilikuwa rahisi, na liliunguza. Nyoka anayeishi katika chumba cha baridi hulikumbatia jiwe kwa sababu hakuna joto jingine, tumbo lake likaungua huku mgongo bado umepoa, na hasogei kwa kuwa mwili wake mzima unaendelea kudai joto. Madaktari wa mifugo walipokea nyoka wenye magamba yaliyobabuka, wengine wakiwa wamelalia jiwe hilo kwa siku kadhaa. Mkeka wa joto uliounganishwa moja kwa moja na umeme ulileta madhara yaleyale.

Mfano wa uchungu zaidi ni wa nyoka wetu wenyewe. Eryx colubrinus, nyoka mfupi mnene anayejifukia mchangani katika maeneo makavu ya Kenya na nchi jirani, ni kipenzi cha wafugaji wa Marekani na Ulaya, na huko jina la Kenya limeingizwa ndani ya jina lake. Nyumbani kwake mchanga wa juu huwaka mchana, naye akizidiwa huchimba kwenda chini, kwenye ubaridi. Mfugaji asiyejua hutandika mkeka wa joto chini ya tangi na kumwaga mchanga juu yake. Nyoka akiona joto hufanya alivyorithi: huchimba. Kila anavyochimba ndivyo anavyoukaribia moto. Tundu limegeuza dunia yake juu chini.

Kifaa kilichookoa wengi ni thamostati, inayokata umeme joto likifikia kiwango kilichowekwa na kuurudisha likishuka. Kifaa hicho ni cha zamani viwandani, na kilipoenea kwenye matundu ya nyumbani mkanda na mkeka wa joto vikawa vyombo vya kuaminika, ilimradi kihisio chake kimefungwa pale joto linapotoka na si kwenye kona ya mbali.

Kisha likaja wimbi la chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, yule anayejiviringa kama mpira akiogopa. Huko Ouidah nchini Benin ana hekalu lake na huheshimiwa. Ghana, Togo na Benin zikawa chimbuko la biashara ya kuwasafirisha wakiwa wachanga kwenda ng'ambo. Wengi walifika wakiwa wamekauka kwa kukosa maji, wamejaa kupe, na wakagoma kula miezi kadhaa. Mwaka 1992 mfugaji wa Marekani, Bob Clark, alifanikiwa kuzalisha zeruzeru wa aina hiyo, na baada yake rangi mpya zikafuatana kwa bei za kushangaza. Faida moja ya kweli ilitoka humo: wafugaji waliojali mtaji wao walijifunza kuyatunza mayai katika nyuzi 31 hadi 32 kwa karibu miezi miwili, na kuwapa makinda unyevu, maficho na joto lililopimwa.

Afrika Mashariki ina historia yake, nayo haikuanza na wafugaji wa majumbani. Katika uwanda wa Makonde, C. J. P. Ionides, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori Tanganyika, aliishi Newala akikamata hongo wa kijani na vipiribao wakubwa wa msituni, akiwapeleka hai kwa bustani za wanyama na watafiti hadi karibu na kifo chake mwaka 1968. Mwaka 1961 Nairobi ilifungua Snake Park kando ya jumba la makumbusho la taifa. Huko Watamu, mwaka 1980, James Ashe alianzisha Bio-Ken, kituo kinachojulikana leo kwa elimu ya sumu na matibabu ya walioumwa.

Vituo hivyo viwili vinatoa somo la jiografia. Watamu iko usawa wa bahari, na kwa nyoka wa pwani hewa yenyewe inatosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kazi kubwa hapo ni kivuli na maji. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 12. Chatu wa pwani akipelekwa huko anahitaji kusaidiwa. Tropiki si joto moja, na yeyote anayedhani kwamba nyoka wa Afrika hapati baridi Afrika amekosea.

Mjadala wa sasa unahusu nafasi. Mwaka 2019 Clifford Warwick na wenzake walichapisha hoja kwamba nyoka hujinyoosha mara kwa mara, na kwa hiyo tundu lisiloruhusu mwili wote kunyooka halifai. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliwapa wale nyoka wekundu wa maghala uhuru wa kuchagua kati ya tundu dogo na kubwa, na walipokuwa macho wakitembea walipendelea kubwa. Shelfu la droo lililosifiwa miaka ya 1980 linadaiwa majibu leo.

Ukiyajumlisha yote hayo, tundu la kinda linaeleweka bila fumbo. Liwe na mfuniko unaofungwa kwa komeo. Liwe na upande mmoja wa joto, unaochukua kama theluthi moja ya sakafu, na upande mwingine wa ubaridi. Kwa nyoka mwekundu wa maghala, upande wa joto ukae karibu nyuzi 28 hadi 30 na ule mwingine karibu 23. Kwa chatu mdogo wa Afrika Magharibi, karibu 31 hadi 33 na 26, pamoja na unyevu wa kutosha ili gamba livuke bila kukatika. Maficho yawe mawili, moja kila upande, ili kinda asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto. Kibakuli cha maji kisikosekane. Kinda ana mwili mdogo unaopata na kupoteza joto haraka kuliko wa mama yake, na akila kisha akapoa, chakula hakisagiki na hukitapika. Anavyokua, tundu likue naye, na vitu vya kupanda na kujifichia viongezeke.

Kwa msomaji aliyeko Kenya au Tanzania, sheria inatangulia mapenzi. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inadai kibali cha kumiliki mnyamapori, na Mei 2016 Tanzania ilipiga marufuku kwa miaka mitatu usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, biashara iliyowahusu nyoka pia. Usimtoe kinda porini, na usimnunue kwa mtu asiyeweza kueleza alikotoka. Ukitaka kumjua nyoka, nenda Snake Park au Watamu ukaulize maswali.

Na wewe uliyeko London, Muscat au Minneapolis, mwenye ruhusa halali na mwenye kinda anayekungoja kwa mfugaji, liandae tundu kwanza. Liwashe wiki nzima likiwa tupu. Soma kipimajoto upande wa joto na upande wa ubaridi, mchana na alfajiri, na urekebishe thamostati mpaka namba ziache kuyumba. Baada ya hapo ndipo uende kumchukua.